Mji wa Carcassonne na Kuta Zake

Leo twapenda kueleza habari za Carcassonne, mji wa kale ulio juu ya kilima kando ya mto Aude, kusini mwa Ufaransa. Umezungukwa na kuta mbili za mawe zenye minara 52. Azionaye hudhani kwamba mji huo haukushindwa kamwe. Sivyo.

Mwaka 1209, ukuta ukali mmoja tu, lilikuja jeshi kubwa lililoitikia mwito wa Papa Innocent III wa kupigana na Wakathari, watu wenye mafundisho yaliyokatazwa na Kanisa. Jeshi likauhusuru mji, yaani likauzunguka pande zote, likawazuia watu wasifike mtoni. Ulikuwa mwezi wa Agosti, jua kali, na mji umejaa wakimbizi. Visima havikutosha. Zilipopita siku 15 tu, mji ukatolewa. Wenyeji wakatoka wakiacha mali zao zote. Mtawala wao, kijana Raymond-Roger Trencavel, akafa kifungoni mwaka ule ule.

Baadaye wafalme wa Ufaransa waliupata mji, wakaanza kujenga ukuta wa pili. Mwaka 1240 mwana wa Trencavel alikuja kuutwaa mji wa baba yake. Watu wake walichimba chini ya kuta, lakini jeshi la mfalme likafika kuwaokoa waliokuwa ndani, naye akaondoka.

Hapo twaona kwamba ukuta humzuia adui kwa muda tu. Walio ndani huokolewa na maji, chakula, na msaada utokao nje.