Mwinamo wa fimbo za gofu na umbali wa mpira

Uso wa fimbo ya gofu umelazwa nyuma kidogo, na kipimo cha kulala huko, kinachohesabiwa kwa nyuzi, ndicho mwinamo. Mwinamo mdogo huutoa mpira chini, ukaenda mbali. Mwinamo mkubwa huupandisha juu, ukaanguka karibu na kutulia upesi. Kwa kuwa kanuni zinamruhusu mchezaji kubeba fimbo 14 tu, kila moja inapaswa kuwa na umbali wake ambao nyingine haina.

Katika seti nyingi za fimbo za chuma, namba moja hupishana na inayofuata kwa nyuzi 3 hadi 5, na pengo hilo huzaa tofauti ya takriban mita 9 hadi 13. Namba iliyochongwa kwenye fimbo haitoshi kuwa ushahidi. Namba 7 ya miaka ya 1970 ilikuwa na nyuzi 36 hivi au zaidi. Nyingi za sasa zina 30 hadi 34, na baadhi zimeshuka chini ya hapo. Isitoshe, fimbo mpya huweza kutoka kiwandani ikiwa imepotoka kwa uzi mmoja, na chuma laini husogea taratibu kwa kupigwa kwenye mikeka migumu ya mazoezi.

Chukua seti ambayo namba 7, 8 na 9 zilikusudiwa kuwa na nyuzi 32, 36 na 41. Zikipimwa, zinaonyesha 32, 38 na 40. Mchezaji anayepeleka namba 7 mita 140 atapata takriban 124 kwa namba 8 na 119 kwa namba 9: kati ya mbili za kwanza kuna shimo, na mbili za mwisho zinafanya kazi moja. Wengi hapo huulaumu mkono wao na kubadili namna ya kupiga, na hilo ndilo kosa linalogharimu zaidi, maana dosari imo kwenye chuma.

Ili kuirekebisha, fundi hukibana kichwa cha fimbo kwenye mashine yenye kipimo cha pembe, huvika shingo ya fimbo wenzo mrefu, kisha hupinda kidogo na kupima tena. Chuma laini kilichofuliwa hupindika bila taabu. Chuma kisichoshika kutu kilichomiminwa kwenye kalibu ni kigumu zaidi. Kukivusha nyuzi 2 ni kuhatarisha shingo ikatike.

Kupinda kuna athari nyingine, na kwenye weji, yaani fimbo zenye mwinamo mkubwa kabisa, huonekana wazi. Kupunguza mwinamo kwa uzi mmoja hupunguza pia uzi mmoja wa pembe ya unyayo, yaani upande wa chini wa kichwa, hivyo ukingo wa mbele huchimba mchanga kwa urahisi zaidi. Kuongeza mwinamo huleta kinyume chake.

Kipimo cha umbali kitangulie mashine. Kila fimbo ipigwe mipira kadhaa, ihesabiwe sehemu mpira ulipoangukia wala si ulipoishia kubingirika, na mapigo yaliyoharibika yaachwe. Kazi yote ifanyike mahali pamoja: hewa nyepesi ya Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, huupeleka mpira mbali kuliko Mombasa. Kwenye mashindano hakuna nafasi ya kurekebisha, kwani anayebadili mwinamo kwa makusudi katikati ya raundi kisha akaipiga fimbo hiyo huondolewa.