Zawadi ya Krismasi bila kugusa karo ya Januari

HUKU Krismasi ikibisha hodi, mzazi wa kipato cha chini hujipata njia panda: awape marafiki zawadi, au ahifadhi pesa za karo na sare zinazohitajika shule zikifunguliwa Januari. Zawadi ndogo ya kujitengenezea humwezesha kutimiza yote mawili.

Mojawapo ni viungo vya pilau, chakula ambacho wengi hupika sikukuu. Huhitajika bizari nyembamba, iliki, mdalasini, pilipili manga na karafuu. Bizari huwa nyingi kuliko vingine. Karafuu huwa chache, kwani ukali wake hufunika ladha nyingine.

Viungo hukaangwa bila mafuta kwenye moto mdogo hadi vinukie, kisha huachwa vipoe kabisa kabla ya kusagwa au kutwangwa. Vikifungiwa chupani vingali na joto, mvuke hugeuka unyevu, navyo hushikana mabonge na hata kuota ukungu.

Chupa iliyokwisha jemu huoshwa, hukaushwa vyema na kujazwa, kisha kifuniko hufungiwa kipande cha leso. Kadi nayo yaweza kutokana na maganda makavu ya mgomba: hupanguswa vumbi, hubanwa chini ya vitabu vizito hadi yanyooke, hukatwa umbo la nyota na kubandikwa kwenye karatasi ngumu.

Yafaa viungo visagwe siku chache tu kabla ya sikukuu, maana harufu hupungua vikikaa. Kutoa ni moyo, wahenga walinena, si utajiri.