Dereva wa Pikipiki Naye Asome

Msafiri atokaye visiwani akashuka Nkome humkabidhi dereva wa pikipiki roho yake hadi Geita mjini. Kijana huyo, sawa na wenzake wa Kahama na Shinyanga, anatamani kupanda kutoka leseni ya daraja A, ya pikipiki, hadi daraja C, ya gari la abiria. Kinachomkwamisha si uvivu bali hesabu: tajiri hungoja fedha zake kila jioni, na siku ya darasani haina nauli. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kilichoanzishwa mwaka 1975, kina makao yake Dar es Salaam. Tunatoa mwito kwa wahusika: masomo yasogezwe karibu, yafundishwe adhuhuri abiria wanapopungua, na ada ilipwe kwa mafungu. Elimu ya dereva ndiyo salama ya abiria.