Mbao ndefu kwenye mashine fupi: leza ya kupitisha na mambo ya kuzingatia Busia na Tororo

Wafanyabiashara wa mbao, milango na mabango katika miji ya Busia na Tororo wanashauriwa kupima mambo matatu kabla ya kupokea kazi ya kuchorwa kwa leza: upana wa kipande, unene wake na uzito wake. Urefu unakuja mwisho. Kwa mashine zenye uwazi mbele na nyuma, urefu siyo kizuizi tena.

Mashine hizo huitwa mashine za kupitisha. Mashine ya kawaida ya leza ni sanduku lenye meza ndani yake, na kitu kisichoenea mezani hakichoriki. Mashine ya kupitisha ina mlango mbele na mwingine nyuma. Ubao huingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Fundi huchora sehemu ya kwanza, husogeza ubao, huchora sehemu ya pili, na kuendelea hivyo mpaka mwisho.

Faida yake ni wazi. Mashine yenye meza ya milimita 1300 kwa 900 inaweza kuchora ubao wa mita 2.4 au zaidi. Bila uwazi huo, mwenye karakana angelazimika kununua mashine yenye meza kubwa, ambayo ni ghali kuinunua, ghali kuisafirisha na ngumu kuipatia chumba.

Hasara yake haionekani mapema. Kila mara ubao unaposogezwa, kuna nafasi ya kukosea. Mteja hakubali bango ambalo herufi zake hazikukutana, na ubao uliokwisha kuunguzwa haurudi kuwa mpya. Kwa mfanyabiashara aliyenunua mbao Tororo, akalipa usafiri na akavuka mpaka, kosa la milimita chache linaweza kumeza faida yote.

Leza inachora nini na haichori nini

Leza inayotumika zaidi kwa mbao ni ya gesi ya kaboni dioksidi. Ilibuniwa na Kumar Patel katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1964. Mwali wake hauonekani kwa macho. Hutoka kwenye bomba la kioo, huelekezwa na vioo vidogo, kisha lenzi huukusanya mahali pamoja padogo sana. Hapo ndipo mbao inapoungua na kuacha alama.

Leza hiyo huchora mbao, plaiwudi, MDF, ngozi, akriliki, kioo na mawe kama graniti. Chuma na alumini tupu haiviwezi, kwa sababu huurudisha mwali badala ya kuupokea. Kazi ya chuma huhitaji aina nyingine ya leza.

Wasafirishaji wanapaswa kulielewa jambo hili. Mwenye lori anayetaka jina la kampuni na uzito wa gari viandikwe mlangoni au ubavuni asitegemee kwamba bati la gari litapigwa leza. Kinachofanyika ni kukata kigezo cha kadibodi au plaiwudi nyembamba, kisha rangi inapuliziwa juu yake. Kigezo cha ubavu wa trela kinaweza kuwa na urefu wa mita kadhaa, na hapo mashine ya kupitisha hufaa sana, kwa kuwa maneno yote hukatwa kwenye kipande kimoja.

Turubai za lori ni suala lingine. Nyingi zimepakwa PVC. PVC isiingizwe kwenye mashine ya leza kabisa. Ikiungua hutoa gesi ya hidrojeni kloridi, ambayo huumiza mapafu na kuifanya mashine ishike kutu. Fundi anayekubali kazi hiyo kwa ajili ya pesa ya siku moja anaweza kuharibu mashine yake.

Pima mdomo wa mashine

Wengi huuliza ukubwa wa meza na kusahau ukubwa wa uwazi. Hivi ni vitu viwili tofauti. Meza inaweza kushuka chini sana, lakini kama uwazi wa mbele na nyuma ni mwembamba, ubao mnene hautapita.

Mfano ni mashine ya Glowforge Pro ya Marekani. Uwazi wake hupokea kipande chenye upana wa inchi 20, lakini unene wake usizidi takriban robo inchi. Inafaa kwa plaiwudi nyembamba, kadibodi na akriliki. Mlango wa nyumba wenye unene wa milimita 40 hauwezi kuingia humo hata kidogo. Kwa kazi ya milango zinahitajika mashine za karakana zenye uwazi mrefu zaidi kwenda juu.

Uzito nao uhesabiwe. Ubao wa mvule wenye urefu wa mita 2.4, upana wa sentimita 30 na unene wa milimita 40 una uzito wa karibu kilo 19. Theluthi mbili ya ubao huo ikining'inia nje ya mashine, ubao utainuka ndani na kugonga kichwa cha leza. Kwa hiyo panahitajika stendi zenye rola mbele na nyuma, zilizo sawa kabisa na meza kwa kimo. Mafundi wanaweza kuzitengeneza wenyewe kwa mabomba ya chuma.

Mshono ndio mtihani

Mahali ambapo sehemu moja ya mchoro inakutana na nyingine huitwa mshono. Hapo ndipo kazi nyingi huharibikia.

Chukua ubao wa mita 2.4 unaochorwa kwa kusogezwa. Ukipinda kwa nyuzi 1 tu, ambayo jicho haliioni kwa urahisi, mstari utakuwa umehama kwa karibu milimita 21 kila baada ya mita 1.2. Maneno yataonekana yanapanda mlima. Hata pengo la nusu milimita katikati ya herufi huonekana na mteja.

Mafundi wenye uzoefu hutumia njia hizi:

- Kufunga ukingo ulionyooka mezani, ili ubao uegemee hapo kila unaposogezwa. Upande wa ubao unaoegemea uwe umepigwa randa. Ubao uliotoka msumenoni haujanyooka.

- Kuchora alama ndogo za msalaba juu ya tepu ya karatasi iliyobandikwa kwenye ubao. Baada ya kusogeza, kichwa cha leza hurudishwa juu ya alama zilezile. Programu kama LightBurn inaweza kusoma alama mbili na kuugeuza mchoro ufuate ubao ulivyokaa. Tepu hubanduliwa mwishoni.

- Kugawa mchoro kwenye nafasi kati ya neno na neno. Mshono usipite katikati ya herufi, na usipite katikati ya uso wa mtu au nembo.

Unyevu pia huleta hasara. Ubao mbichi hupinda ukikauka. Sehemu moja ikiwa juu na nyingine chini, mwali haukusanyiki vizuri, na maandishi yanatoka meusi upande mmoja na kufifia upande mwingine. Mbao zilizopigwa na mvua juu ya pikapu zisichorwe siku hiyohiyo.

Muda, umeme na bei

Kazi ya leza huuzwa kwa dakika. Ndiyo maana mfanyabiashara anatakiwa kujua hesabu yake kabla ya kupatana.

Kwa mfano, maandishi yanajaza eneo la milimita 600 kwa 300. Kichwa cha leza huenda na kurudi kama mtu anayefagia uwanja, na kila mstari huachana na mwenzake kwa milimita 0.1. Hiyo ni mistari 3,000, yaani safari ya mita 1,800. Kwa mwendo wa milimita 300 kwa sekunde, kazi itachukua dakika 100, bila kuhesabu muda wa kugeuka. Mistari ikiachana kwa milimita 0.2, muda unashuka hadi dakika 50, ingawa mchoro hautakuwa laini kama ule wa kwanza.

Mteja anayetaka bango la kuonekana kutoka barabarani hana haja ya kulipia mistari ya karibukaribu. Maandishi ya mstari wa pembeni tu, bila kujaza ndani, huchukua dakika chache.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, baadhi ya mashine hukumbuka zilipofikia na nyingine hazikumbuki. Mfanyabiashara aulize mapema, na aulize pia kama karakana ina jenereta. Bomba la leza huhitaji maji ya kulipoza wakati wote. Maji yakipata joto, nguvu ya mwali hupungua na rangi ya mchoro hubadilika kati ya sehemu ya kwanza na ya mwisho.

Macho na moshi

Mashine ya leza iliyofungwa kila upande huhesabiwa kuwa ya daraja la 1, yaani mtu aliye nje hawezi kudhurika na mwali. Milango ya kupitisha ikifunguliwa, kinga hiyo huondoka, na leza yenyewe ni ya daraja la 4, lililo hatari kuliko yote. Mwali uliorudishwa unaweza kuunguza jicho au ngozi.

Kila aliye chumbani avae miwani iliyoandikwa kuwa ni ya nanomita 10600. Miwani ya jua haifai. Wapakiaji na wateja wasubiri nje. Moshi utolewe kwa feni na bomba, na kizima moto kiwe karibu, kwa sababu mbao kavu huweza kushika moto. Mashine isiachwe peke yake ikifanya kazi.

Karatasi za mpakani

Kazi ikishatoka vizuri, bado kuna safari. Mzigo wa Tororo una njia mbili kuu za kuingia Kenya, Malaba na Busia. Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa rasmi tarehe 24 Februari 2018 na marais wa Kenya na Uganda. Chini ya utaratibu huo, maofisa wa nchi zote mbili hukaa pamoja na mzigo hukaguliwa upande unaoingia.

Wafanyabiashara wadogo wanaweza kutumia utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa bidhaa zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Afisa wa forodha hutoa cheti rahisi cha asili hapohapo mpakani. Cheti hicho huondoa ushuru wa forodha kwa bidhaa za Jumuiya zilizomo kwenye orodha. Hakiondoi kodi nyingine kama VAT, ambayo ni asilimia 16 Kenya na asilimia 18 Uganda.

Hapa kuna kosa la kuepukwa. Sheria za asili ya bidhaa za Jumuiya zinasema kwamba kuweka alama, nembo au lebo juu ya bidhaa ni kazi ndogo isiyotosha kuipa asili mpya. Mbao za mti uliokua Uganda ni za Uganda. Akriliki iliyotoka China, hata kama jina la mteja limeandikwa juu yake Busia, mwenye mzigo asitegemee kwamba itapewa cheti cha asili kwa sababu ya maandishi hayo. Amuulize afisa kabla ya kupatana bei.

Kuna pia wanaopeleka ubao upande wa pili ili uchorwe na kurudishwa. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 ina utaratibu wa mali inayotoka nje kwa kutengenezwa na kurudi, wenye nafuu ya ushuru. Lakini mali hiyo lazima iandikishwe kabla ya kutoka. Ikitoka kimyakimya, itakaporudi inaweza kuhesabiwa kama bidhaa mpya inayoingia.

Mbao zenyewe zinahitaji karatasi zake: kibali cha kusafirisha mazao ya misitu kutoka zilikokatwa, na cheti cha afya ya mimea kwa zinazovuka. Kuchorwa hakufuti mahitaji hayo. Dereva asikubali kupakia kabla ya kuziona karatasi, kwa kuwa gari likizuiwa, siku zinazopotea ni zake.

Kabla ya kupakia

Mara nyingi njia ya bei nafuu ni kuusafirisha mchoro na kuuacha ubao mahali ulipo. Faili hutumwa kwa simu kwa dakika moja, wakati ubao wa mita 2.4 unahitaji gari, wapakiaji na foleni. Kama mashine inayofaa ipo upande wa mteja, ni heri kutuma mchoro na kununua mbao hukohuko.

Kama ubao ni lazima usafiri, mwenye kazi apate majibu ya maswali haya kwa maandishi:

- Uwazi wa mashine una upana na kimo gani?

- Mishono itakuwa mingapi, na itapita wapi kwenye mchoro?

- Je, fundi atafanya jaribio kwenye kipande cha mbao ileile kwanza?

- Kazi ikiharibika mshononi, nani analipia ubao?

Swali la mwisho ndilo huulizwa mara chache, na ndilo lenye ugomvi mwingi. Likijibiwa kabla ya ubao kuingia kwenye mashine, fundi na mwenye mbao wote wawili wanajua mpaka wa jukumu lao.