Kejeli ya Picha Mbele ya Sheria

Picha ya mzaha isambazwayo kwa simu, iitwayo mimu, ina sehemu mbili: sura ya mtu ajulikanaye, na maneno machache yanayoigeuza maana ya sura hiyo. Kifani, picha hiyo ni jamaa ya chuku: msemaji husema lisilokuwapo, naye msikilizaji hutambua papo hapo kwamba halipo. Hapana anayedanganywa.

Sheria hazikuutambua ukoo huo kila mara. Nchini Kenya, kifungu cha 132 cha Kanuni ya Adhabu kilimtia hatiani aliyedhoofisha mamlaka ya mtumishi wa umma; Mahakama Kuu ilikibatilisha mwaka 2017. Mwaka uliofuata ilitungwa sheria ya makosa ya kompyuta, ambayo kifungu chake cha 23 kiliweka kifungo cha hadi miaka 10 kwa atangazaye, hali akijua, habari za uongo zinazozusha hofu au zinazoelekea kumvunjia mtu heshima. Nchini Tanzania, mwaka 2019, mchekeshaji Idris Sultan alihojiwa na polisi kwa picha zilizobadilishana sura yake na ya Rais Magufuli.

Ugumu wote umo katika neno "uongo". Uongo hutaka kusadikiwa. Chuku hutaka kutambuliwa. Aliyemwona mchekeshaji kitini pa Rais hakudhani kwamba serikali imebadilika. Ni kweli kwamba mashine za leo zaweza kuunda picha ya kuhadaa kabisa. Lakini hiyo imetoka katika fani ya mzaha, na kuipima kwa kipimo kimoja na chuku ni kuchanganya mambo mawili.

Huko Ijara suala hili lina uzito wake. Kaskazini Mashariki iliwekwa chini ya sheria za hali ya hatari Desemba 1963, nazo hazikuondolewa hadi 1991. Wazee wa Masalani na Hulugho waliishi miaka hiyo. Wajukuu wao hupelekeana mizaha kwa simu, chini ya sheria ile ile iliyo Nairobi. Hata hivyo, utamaduni wa Kisomali una kipimo chake cha kale: shairi la kushambulia hujibiwa kwa shairi, hata ukazuka mfululizo wa watunzi wanaojibizana. Aliyeguswa hutafuta maneno bora kuliko ya mpinzani wake, na wasikilizaji ndio huamua. Kiongozi amwitaye askari amekwisha kukiri kwamba jibu hana.