Bei ni moja, mbona nyama si moja?

Waama, ni vigumu kupata mlo unaowakutanisha Wakenya kama nyama choma. Mwalimu akipokea mshahara, mwanafunzi akifuzu mtihani, wakwe wakija kuposa, mbuzi ndiye hulipa gharama. Ndiyo sababu nasikitika kuona mlo huu ukifanyiwa mzaha na wanaouuza.

Juzi niliketi na walimu wenzangu katika mkahawa mmoja kando ya barabara kuu. Tuliagiza kilo mbili za mbavu za mbuzi, kilo moja ya paja la ng'ombe, na mutura wa kutulizia njaa. Mutura haukuwa na kasoro. Mbavu nazo zilikuwa tamu ajabu: mafuta yamekolea, chumvi ya kadiri, nyama yabanduka mfupani bila kubembelezwa. Lakini lile paja! Nje makaa, ndani damu, na ugumu wa soli ya kiatu. Mbavu na paja vilitoka jiko moja, kwa mchomaji mmoja, na kila kilo ilitozwa bei ileile.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni bahati ya mteja. Nakataa. Mbavu zina mafuta yanayoyeyuka na kuilainisha nyama ikiwa motoni, hivyo hata mchomaji mvivu husifiwa kwazo. Paja ni msuli uliomtembeza ng'ombe maisha yake yote. Limejaa kolajeni, ambayo hulegea polepole kwa moto wa kiasi. Ukilirushia moto mkali, hujikunyata na kutoa maji yote. Fauka ya hayo, misuli ya mnyama hukakamaa saa chache baada ya kuchinjwa, na nyama ya ng'ombe hasa hutaka kuning'inizwa penye baridi siku kadhaa ndipo ilainike. Ile nyama tunayojivunia kwamba imechinjwa leo alfajiri ndiyo aghalabu hutuvunja meno. (Mwalimu wa baiolojia ana kipindi kizima hapa, wala hahitaji maabara.)

Tangu runinga ilipotangaza mwaka wa 2019 habari za kemikali zinazotiwa nyama madukani, wateja wengi wamejifunza kuchunguza rangi na kuutafuta mhuri wa mkaguzi. Vyema. Hata hivyo, mhuri husema kuwa nyama imekaguliwa, hausemi lolote kuhusu ulaini wake.

Isitoshe, nyama hupimwa ikiwa mbichi, mfupa ukiwemo, na maji yanayopotea motoni tumekwisha kuyalipia. Mwalimu anayehesabu karo ya watoto wake hana budi kujua ananunua nini. Basi wenye mikahawa na waandike ubaoni bei ya kila kipande mbali na ya kingine, na anayetaka paja aambiwe waziwazi kwamba atangoja sana, la sivyo achague mbavu.