Udhibiti wa Vimeng'enya Vikatavyo RNA: Kutoka Mashamba ya Bomet hadi Seli ya Binadamu

Istilahi kimeng'enya imeundwa kutokana na kitenzi meng'enya, yaani kuvunjavunja chakula tumboni. Kwa sababu ya asili hiyo, msomaji anapokutana nayo aghalabu hudhani mambo mawili: kwamba kazi ya kimeng'enya ni kuvunja tu, na kwamba huvunja wakati wote. Dhana ya pili ndiyo yenye kasoro kubwa zaidi. Kimeng'enya kisichodhibitiwa huweza kuiangamiza seli ile ile iliyokitengeneza. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi seli ya binadamu inavyovizuia na kuviachilia vimeng'enya vinavyoikata RNA, na jinsi udhibiti huo unavyoweza kuporwa, kama ilivyotokea katika mahindi ya Bomet.

Katika viwanda vya chai, mathalan Kapkoros katika kaunti ya Bomet, kanuni ya udhibiti huonekana kila siku. Ndani ya jani bichi la chai mna kimeng'enya kiitwacho polifenoli oksidesi, na mna pia katekini, ambazo ndizo hushughulikiwa nacho. Hata hivyo, jani likiwa mtini halibadiliki rangi, kwa kuwa viwili hivyo vimetengwa: katekini zimehifadhiwa katika kifuko ndani ya seli, nacho kimeng'enya kiko nje ya kifuko hicho. Mashine inapoyaponda na kuyararua majani, kuta huvunjika, hewa huingia, na kijani hugeuka kuwa rangi ya shaba. Hatua hiyo kwa mazoea huitwa kuchachusha, ingawa hamna chachu yoyote inayohusika. Wanaleksikografia wana kazi hapo. Hatimaye majani hukaushwa kwa hewa ya moto, na joto hilo hukiharibu kimeng'enya. Kutenga ni njia ambayo seli ya binadamu nayo huitumia. Moto haumo katika uwezo wake, hivyo basi ina njia nyingine zilizo nyeti zaidi.

RNA ni nakala inayotolewa kutoka DNA. Baadhi ya nakala hizo hubeba maagizo ya kutengeneza protini. Nyingine huishia kuwa vipande vifupi vya nyukliotidi takriban 22, viitwavyo mikroRNA, ambavyo kazi yavyo ni kuzinyamazisha nakala nyingine. Utengenezaji wake huanzia ndani ya kiini cha seli, ambamo uzi mrefu wa RNA hujikunja mfano wa kibanio cha nywele. Kimeng'enya Drosha, kikishirikiana na protini DGCR8, hukikata kibanio hicho kutoka kwenye uzi. Kibanio husafirishwa nje ya kiini, na huko kimeng'enya kingine, Daisa, hukikata kichwa. Kipande kinachobaki hukabidhiwa protini ya jamii ya Ajonauti, nayo hukitumia kuzitambua nakala zinazostahili kunyamazishwa.

Utengano wa mahali umekwisha kudhihirika: Drosha hufanya kazi hasa ndani ya kiini, Daisa nje yake. Linalostaajabisha zaidi ni jinsi wakataji hawa wanavyojizuia wenyewe. RNA inayobeba maagizo ya kutengeneza DGCR8 ina vibanio pia. Protini hiyo inapozidi, Drosha huikata RNA hiyo na utengenezaji hupungua. Inapopungua, RNA husalimika na DGCR8 huongezeka tena. Daisa nacho kina sehemu ya mwili wake inayokizuia. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kuwa sehemu hiyo ikiondolewa, Daisa cha binadamu hukata kwa kasi zaidi. Aidha, let-7, ambayo ni mojawapo ya mikroRNA zinazotokana na kazi ya Daisa, huinyamazisha nakala ya Daisa chenyewe. Mtoto humkanya mzazi.

Wakati nao una nafasi yake. Katika seli changa za kiinitete, protini LIN28 hukishika kibanio cha let-7 na kukiita kimeng'enya kingine kije kukibandika mkia. Kibanio chenye mkia huo hakikatwi na Daisa, bali huharibiwa. Seli zinapokomaa, LIN28 hupungua na let-7 huanza kupatikana. Kwamba mizani hii si jambo dogo kulithibitika mwaka 2009, pale kasoro za kurithi katika jeni ya Daisa zilipohusishwa na uvimbe wa saratani wa mapafu unaowapata watoto wadogo, ambao ni nadra.

Mfano mkali kuliko yote ni ribonukleazi L. Kimeng'enya hiki hukaa ndani ya seli kikiwa kipweke na kimelala. Virusi vinapoingia na kuzalisha RNA yenye nyuzi mbili, vimeng'enya vya kundi la OAS huitambua, na kutokana na ATP hutengeneza ujumbe mdogo wa kikemikali uitwao 2-5A. Ujumbe huo huziunganisha ribonukleazi mbili, nazo huamka na kukata RNA za virusi pamoja na za seli yenyewe, hata zile zilizomo katika ribosomu. Seli huweza kufa kwa hatua hiyo. Ndiyo maana pana vimeng'enya vingine vya kuuvunja ujumbe wa 2-5A ili ukataji usiendelee kupita kiasi.

Mimea pia ina vimeng'enya vya jamii ya Daisa, na hapo ndipo Bomet inaporejea. Mnamo Septemba 2011, ugonjwa hatari wa mahindi ulionekana katika eneo la Longisa, ukiwa wa kwanza kuripotiwa nchini Kenya. Majani yalifanya mabaka ya manjano na kukauka, na baadhi ya mashamba hayakuvunwa kitu. Ugonjwa huo huletwa na virusi vya aina mbili kwa pamoja, kimoja kikienezwa na vithripi na mbawakawa, kingine na vidukari. Vyote viwili hubeba RNA. Kwa kawaida Daisa cha mmea huikata RNA ya virusi, na vipande hivyo huiongoza Ajonauti kuitafuta iliyobaki. Lakini kile kinachoenezwa na vidukari ni cha jamii ya potivirusi, ambazo zina protini iitwayo HC-Pro yenye uwezo wa kuvikamata vipande hivyo kabla havijatumika. Mkataji hakuguswa, kilichoporwa ni alichokikata. Virusi hivyo viwili vinapokutana katika mmea mmoja, kile cha kwanza huongezeka kuliko kinapokuwa peke yake.

Mwaka 2013 kituo cha kuchunguza mbegu zinazostahimili ugonjwa huo kilifunguliwa Naivasha kwa ushirikiano wa CIMMYT na taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya. Wakulima nao walishauriwa kuyaacha mahindi kwa msimu na kupanda viazi au maharagwe, ili virusi vikose seli za kuingia.